Kompyuta Kongwe na Vumbi la Dodoma

Mgeni anayefika Dodoma mwezi wa Agosti hupokewa na wenyeji wawili kabla hajasalimiwa na mtu yeyote: upepo na vumbi. Mvua zimekwisha tangu Aprili, na nyingine hazitarajiwi mpaka Novemba au Desemba. Mibuyu imesimama bila majani, na udongo uliolegezwa na kwato za ng'ombe hupanda juu kila gari linapopita. Adhuhuri kisulisuli huzunguka viwanjani kikibeba mifuko na majani makavu, kisha kikaingia nyumbani bila hodi. Sisi tunaoishi katika uwanda huu wa kati tumezoea. Tunafunika mtungi wa maji, tunakung'uta mashuka kabla ya kulala, tunapangusa meza asubuhi na jioni. Lakini katika nyumba nyingi kipo chombo kingine kinachovuta hewa hiyo mchana kutwa, nacho hakijui kupiga chafya. Chombo hicho ni kompyuta.

Akina mama wenzangu, kompyuta si kitu cha ofisini tu siku hizi. Vijana hawatasadiki kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na wengi wetu tulikuwa watu wazima ndipo tukaiona kwa macho. Leo mtoto wa sekondari huitumia kwa masomo yake, na vikundi vya akina mama huweka humo hesabu za akiba na mikopo. Nyingi kati ya kompyuta hizo zilinunuliwa zikiwa zimekwisha kutumika. Kwa hiyo zinapoanza kusumbua, jibu la haraka ni moja: "Imezeeka, nunua nyingine."

Jibu hilo tulipewa sisi pia mwaka 2025. Kompyuta yetu ya mezani hapa Mpwapwa ilikuwa na umri wa miaka kumi na moja. Ilikuwa inachukua dakika tano au sita kuwaka, inazima yenyewe katikati ya kazi, na tarehe inarudi miaka ya nyuma. Muuzaji mmoja aliitazama kwa nje, akasema ubao wake mkuu umekufa, na kwamba laki saba zingetupatia nyingine. Baba watoto alianza kuhesabu mbuzi. Laki saba kwetu ni karibu zizi zima, na zizi hilo ndilo tulilotegemea kwa mahitaji ya binti yetu aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne. Zaidi ya hayo, ndani ya kompyuta hiyo mlikuwamo hesabu za miaka tisa za kikundi chetu cha akina mama kanisani: nani ameweka kiasi gani, nani amekopa, nani amerudisha. Hesabu za namna hiyo zikipotea, hupotea na urafiki.

Kumsikiliza mgonjwa

Katika kazi yangu ya uuguzi, mzee akija anakohoa hatumwambii, "Babu, umezeeka, nenda nyumbani." Tunamuuliza: Kikohozi kilianza lini? Kinazidi saa ngapi? Unalala karibu na moto wa kuni? Nikachukua daftari, nikaandika habari za kompyuta kwa wiki moja kama ninavyoandika za mgonjwa wodini.

Mwisho wa wiki karatasi ilisema mengi. Asubuhi kompyuta ilifanya kazi bila kuzima. Kuanzia saa sita mchana ilizima baada ya nusu saa. Ilipozima, kasha lilikuwa la moto na feni inanguruma. Tarehe ilipotea pale tu umeme ulipokatika au plagi ilipochomolewa. Uvivu wa kuwaka ulikuwa uleule, asubuhi na mchana. Hayo si maradhi ya mtu aliyekufa. Ni maradhi matatu tofauti, na kila moja lina chanzo chake.

Kabla ya kugusa kitu chochote tulinakili hesabu zote kwenye flashi mbili. Moja ilikwenda kwa mhazini wa kikundi, nyingine ilibaki nyumbani, na kurasa za mizania tukazichapisha. Hili lifanywe kwanza daima, hasa ukisikia diski inagonga-gonga ndani kama saa mbovu. Kompyuta hununuliwa tena, lakini hesabu za miaka tisa hazipatikani dukani.

Njia ya Kongwa

Basi la asubuhi linatoka Mpwapwa likifuata njia ya Kongwa mpaka Mbande, ambako linaikuta barabara kuu itokayo Morogoro. Kasha nililifunga kwa kipande cha godoro na kitenge, nikalipakata mwenyewe. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka na kichwa chembamba kinachosoma juu yake, kwa hiyo haipendi kutupwa kwenye buti pamoja na magunia ya karanga.

Kongwa ni mahali pa kumfundisha mtu habari za mashine na ardhi. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza hapo mradi mkubwa wa karanga. Matrekta yaliletwa kwa wingi, mengi yakiwa yamekwisha kutumika kwingine wakati wa vita. Mizizi ya vichaka ilivunja majembe. Kiangazi kilipofika udongo uligeuka mgumu kama saruji, na mchanga wake ukala makali ya vyuma. Karakana zikajaa mashine mbovu. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikawa zimepotea. Wagogo, ambao wameishi na ukame huo vizazi vingi, walikuwa wanajua tabia ya ardhi yao. Mashine zilikuja bila kuuliza zinakwenda kuishi wapi.

Baada ya Mbande gari linateleza juu ya lami. Unapita Buigiri na Chamwino, kisha Mtumba, ulikojengwa Mji wa Serikali baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia Dodoma kupata nguvu mpya mwaka 2016. Kutoka stendi kuu ya Nzuguni unachukua daladala hadi mjini. Mitaa ya katikati ya mji, upande wa Uhindini na Majengo, ina mafundi wa simu na kompyuta kila baada ya milango michache. Baadhi yao ni vijana waliosoma hapahapa, kwani Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha masomo hayo.

Kilichokuwamo ndani

Kijana tuliyempata alisalimia "Shikamoo mama", akasoma karatasi yangu yote kabla ya kushika bisibisi. Alilitoa kasha nje ya duka, akalifungua. Vumbi lilikuwa limeshikana juu ya kinu cha kupozea kama sufi ya mto. Feni ilizunguka, lakini hewa haikuwa na pa kupita. Hapo ndipo nilipoelewa ule ugonjwa wa saa sita mchana. Ubongo wa kompyuta ukikaribia joto la nyuzi 100, hupunguza kasi, na joto likizidi hujizima wenyewe usiungue. Kumbe kuzima kule kulikuwa kinga yake.

Alipuliza vumbi kwa bloa huku ameishika feni kwa kidole isizunguke ovyo, maana ikipulizwa kwa nguvu huweza kuharibika. Akafuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokuwa imekauka, akapaka mpya, kiasi cha punje ya mchele.

Tarehe kupotea kulitokana na betri ndogo ya mviringo iliyo kwenye ubao mkuu, aina ya CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoitunza saa umeme usipokuwepo. Kuibadilisha kuligharimu shilingi elfu tatu. Usidharau saa iliyokosea, kwani tarehe ikiwa si sahihi tovuti nyingi hukataa kufunguka, na mtu akadhani intaneti yake ni mbovu.

Vipande vya RAM alivichomoa, akavisugua meno yake taratibu kwa ufutio wa penseli, akavirudisha. Alisema kompyuta nyingi zinazolia "pii, pii" na kukataa kuwaka hupona kwa kazi hiyo tu.

Kuongeza nguvu

Ulibaki uvivu, na hapo ndipo fedha zilipotumika. Fundi alieleza kwa lugha ya jikoni. Diski ni kihenge, na RAM ni meza ya kupikia. Meza ikiwa ndogo, mpishi hukimbilia kihengeni kila dakika, na kihenge chenyewe kikiwa mbali, chakula kinachelewa. Yetu ilikuwa na RAM ya GB 4. Tukaongeza ikawa GB 8. Diski ya kuzunguka ikabadilishwa kwa SSD, ambayo haina kitu kinachozunguka ndani na husoma upesi mara nyingi zaidi. Nilijifunza pia kwamba RAM za vizazi tofauti, kama DDR3 na DDR4, haziingiliani. Nenda na kipande cha zamani, au piga picha maandishi yake.

Jumla, kazi na vifaa, ilikuwa shilingi laki moja na elfu arobaini. Kompyuta ikawaka kabla sijamaliza kukunja kitenge. Mbuzi walibaki zizini.

Ni haki niseme na upande wa pili. Vipo vifo vya kweli. Ukiona kwenye ubao mkuu vile vikopo vidogo vimevimba juu au vimevuja, au kuna alama ya kuungua, na bei ya matengenezo inavuka nusu ya bei ya kununua nyingine, basi heri kuiacha. Tena, umri una mipaka yake upande wa programu. Microsoft ilikoma kutoa marekebisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 bila malipo tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za umri wa yetu hazikubaliki kwa Windows 11. Sisi tuliwekewa Linux Mint, ambayo haina malipo, pamoja na LibreOffice kwa ajili ya hesabu. Binti aliizoea kwa siku mbili, mimi kwa wiki mbili.

Matunzo katika nchi ya vumbi

Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga hupambana na unyevu na kutu ya chumvi ya bahari. Sisi wa uwanda wa kati adui zetu ni vumbi, joto la Oktoba na Novemba, na umeme unaokatika kisha ukarudi kwa kishindo. Kwa hiyo matunzo yetu ni haya:

Usiiweke kompyuta sakafuni. Fagio la asubuhi hurusha vumbi moja kwa moja ndani yake. Iweke mezani, mbali na dirisha la upande wa upepo na mbali na jiko la mkaa, na nyunyiza maji kabla ya kufagia.

Kitambaa cha kufuma ni kizuri ikiwa imezimwa. Ikiwashwa, kiondoe, usije ukaivisha koti mgonjwa mwenye homa.

Isafishwe ndani mara mbili kwa mwaka, kiangazi kinapoanza na kinapokwisha. Chomoa umeme, toa kasha nje, gusa chuma chake kwanza ili umeme wa mwilini uondoke, kisha tumia brashi laini iliyo kavu. Usitumie kitambaa chenye maji. Lile sanduku la kupokea umeme usilifungue kamwe, hata kama plagi imechomolewa, kwani umeme hubaki ndani.

Tafuta UPS au stabilaiza kabla ya kununua pambo lolote. Umeme ukikatika, chomoa, na usubiri utulie ndipo uchomeke tena.

Nakili kazi muhimu kila mwezi, na nakala moja ilale nyumba nyingine.

Na mtu akikuambia mashine imekufa, mwombe akuonyeshe alama ya kifo chake. Usimpeleke mbuzi mnadani kabla kasha halijafunguliwa na vumbi kutolewa.