Msaada wa Kweli Humwacha Mtu na Ujuzi



Katika maisha yetu ya kila siku iko misaada ya aina mbili. Upo msaada unaomwondolea mtu shida ya leo na kumwacha vile vile alivyokuwa. Upo pia msaada unaomwondolea shida ya leo na kumpa nguvu ya kuikabili ya kesho. Sisi tulio wake na mama wa watoto tunatoa na kupokea misaada tangu asubuhi hata usiku, nyumbani, kazini na kanisani, lakini ni mara chache tunaketi na kujiuliza ni ya aina gani. Mimi nilipata kulitafakari jambo hili mwaka 2024 kwa sababu ya kitu kidogo sana: printa iliyokataa kuchapa katika ofisi ya usharika wetu hapa Moshi.

Ofisi hiyo ina kompyuta moja ya mezani, tuliyopewa na muumini alipobadilisha vifaa vya kazini kwake. Inatumia Windows 7, mfumo uliotoka mwaka 2009. Ni ya zamani, lakini kwa kuandika barua na matangazo ya Jumapili inatosha. Anayeitumia ni karani wetu, ambaye sote tunamwita Mama Katibu. Ni mjane aliyeanza kazi hiyo tangu enzi za taipureta, na ana watoto wawili walio sekondari. Ujira wa ofisi hiyo, ingawa ni mdogo, ndio unaowaweka shuleni.

Printa ya zamani ilipokufa tukapata nyingine, nayo ilikuwa imekwisha kutumika lakini nzima. Mama Katibu akachomeka waya, akaiwasha, taa ya kijani ikawaka. Alipoiamuru ichape, karatasi haikutoka. Akajaribu tena na tena, bure. Ikabidi kila Ijumaa achukue kazi zake katika flashi, aende kuzichapisha stesheneri. Hapo tukapata hasara mbili. Ya kwanza ni fedha. Ya pili, ambayo mimi kama muuguzi iliniuma zaidi, ni siri za watu. Orodha ya ahadi za waumini na barua za familia zenye matatizo zilikuwa zikifunguliwa katika mashine ya dukani, mbele ya kila aliyesimama kwenye foleni. Tena siku moja flashi ilirudi na virusi, mafaili yote yakawa hayaonekani.

Akaitwa fundi. Kwa kuwa siku za Jumamosi huwa nafanya hesabu za kikundi cha wanawake katika ofisi hiyo hiyo, nilikuwapo. Fundi hakuuliza neno. Alisema, "Mama, nipishe kidogo," akaketi kwenye kiti, vidole vikaanza kukimbia. Aliingiza programu fulani kutoka kwenye intaneti, inayodai kutafuta kila kinachokosekana katika kompyuta. Baada ya dakika 20 akapokea malipo yake, akasema mashine ikizimwa na kuwashwa itachapa. Ilipowashwa haikuchapa, ila kioo kilijaa matangazo ya biashara. Alipopigiwa simu alijibu kwamba kompyuta hiyo imekwisha, tununue mpya.

Habari zikafika kwenye kikao cha wazee. Mzee mmoja akasema, wala si kwa ubaya, kwamba labda tatizo si printa. Labda ofisi sasa inahitaji mtu kijana anayezijua mashine hizi. Maneno ya vikao yana miguu. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mama Katibu ameketi mbele ya kompyuta, mikono yake mapajani, hata hajaiwasha.

"Mdogo wangu," akaniambia, "hii mashine imenishinda. Waambie watafute mtoto wa siku hizi."

Msomaji mpendwa, nadhani unaona kwamba jambo halikuwa karatasi tena. Riziki ya mjane na heshima yake vilikuwa mezani.

Katika kwaya yetu yuko binti mmoja aliyemaliza mafunzo VETA, ambaye sasa anatengeneza simu na kompyuta katika kibanda karibu na soko. Niliongea naye baada ya ibada, akakubali kuja. Alipoingia alitusalimu, "Shikamooni mama zangu," akavuta kigoda, akakaa pembeni. Mama Katibu akainuka ili ampishe. Binti akamzuia.

"Hapana mama, wewe kaa hapo hapo kwenye kiti chako. Kwanza niambie, ulipoiamuru kuchapa, yenyewe ilikuambia nini?"

Mama Katibu alinyamaza kidogo. Tangu shida ianze hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza. Kisha akaanza kueleza, na kumbe alikuwa anajua mengi. Alikumbuka maneno yaliyotokea kwenye kioo. Alikuwa ameona kwamba katika orodha ya printa lilikuwamo bado jina la ile iliyokufa, na la hii mpya halikuwamo. Alijua pia siku matangazo yalipoanza kujitokeza. Binti akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Mama, nusu ya kazi umekwisha kuifanya."

Ndipo akatueleza kwa lugha tuliyoielewa. Kompyuta na printa hazisemi lugha moja. Kati yake lazima awepo mkalimani, nayo ni programu ndogo inayoitwa draiva. Kila aina ya printa ina draiva yake, na draiva hiyo lazima iafikiane na mfumo wa kompyuta. Tena Windows 7 ilitolewa kwa namna mbili, ya biti 32 na ya biti 64, na draiva iliyotengenezwa kwa namna moja haifai kwa nyingine. Kwa hiyo taa ya kijani inaonyesha tu kwamba printa inapata umeme. Haimaanishi kwamba imeelewa inachoambiwa. Ni kama mgeni aliyesimama mimbarani akihubiri kwa lugha yake, na mkalimani hajafika: sauti ipo, ujumbe haupo.

Akamwomba Mama Katibu achukue daftari na kuandika mambo manne. La kwanza, jina na namba ya aina ya printa, ambayo huandikwa mbele au nyuma yake. Hiyo si namba ya usajili wa mashine moja moja, kama vile jina la dawa si ile namba ya kundi iliyopigwa kwenye boksi. La pili, mfumo wa kompyuta. La tatu, kama ni biti 32 au 64. Haya mawili yanaonekana ukibonyeza pamoja kitufe chenye alama ya dirisha na kile kilichoandikwa Pause. La nne, maneno yenyewe ambayo kompyuta inayatoa inapokataa. Kompyuta yetu ilikuwa ya biti 32.

Kazi ikaanza, na mkono uliokuwa juu ya kipanya ulikuwa wa Mama Katibu muda wote. Nilimwona binti ameikalia mikono yake ili asishawishike kunyang'anya. Kwanza waliiondoa ile programu ya matangazo. Kisha wakaifuta printa iliyokufa kutoka kwenye orodha, maana kompyuta ilikuwa bado inaipelekea kazi. Barua 11 zilikuwa zimepanga foleni kuisubiri. Binti akaipakua draiva kutoka kwenye tovuti ya watengenezaji wa printa yenyewe, kwa kutumia kompyuta yake, akaikagua kama haina virusi, akaileta kwa flashi. Alifanya hivyo kwa sababu tangu tarehe 14 Januari 2020 Windows 7 haipati tena masahihisho ya kawaida ya usalama, hivyo si vema kuiingiza kwenye intaneti ovyo. Halafu akamwambia Mama Katibu achomoe waya wa printa kabla ya kuanza. Printa nyingi za waya wa USB hutaka programu iingie kwanza, na waya uchomekwe pale tu kompyuta itakapoagiza.

Ilipoagiza, Mama Katibu akachomeka. Tukasikia printa ikinguruma, karatasi ya majaribio ikatoka polepole, yenye maandishi. Mama Katibu aliishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepokea barua ya mwanawe.

Mimi nilidhani tumemaliza. Binti akasema, "Sasa mama, iondoe yote, uanze upya peke yako. Mimi nitanyamaza." Alinyamaza kweli. Mara moja Mama Katibu alikwama, akafungua daftari lake, akaendelea. Karatasi ya pili ikatoka. Kazi yote ilichukua karibu saa mbili.

Nilipokuwa nikirudi nyumbani niliwaza kwamba kile nilichokiona kinafanana sana na kazi yetu ya uuguzi. Mtoto anapogunduliwa kuwa na kisukari kinachohitaji insulini, muuguzi anaweza kumchoma sindano vizuri kuliko mama yake. Lakini muuguzi hatakuwapo nyumbani alfajiri. Kwa hiyo tunamwonyesha mama, kisha tunamwacha achome yeye tukimtazama, mkono wake ukitetemeka, mpaka uache kutetemeka. Ndivyo ilivyo hata kwa mama mwenye mtoto anayeharisha. Hatumpi tu pakiti ya ORS. Tunamfundisha kuichanganya katika lita moja ya maji safi, naye aturudishie maelezo kwa kinywa chake. Ni kazi ya kuchosha, na foleni ni ndefu, lakini ndiyo inayookoa maisha siku ambayo hakuna muuguzi.

Tena kabla ya matibabu tunauliza. Tunamwuliza mgonjwa anaumwa nini, tangu lini, na ametumia dawa gani. Anayetoa dawa bila kuuliza huongeza ugonjwa juu ya ugonjwa, kama yule fundi na programu yake. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Marko sura ya 10, alipoitiwa Bartimayo, kila mtu aliona kwamba huyu ni kipofu. Hata hivyo Yesu alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Alimpa nafasi ya kuitaja haja yake kwa kinywa chake mwenyewe. Swali hilo lilikuwa heshima, nalo lilitangulia uponyaji.

Akina mama, hebu tuyapeleke haya nyumbani. Wengi wetu watoto wetu wanatunyang'anya simu wakisema, "Mama, lete nikufanyie." Kazi inafanyika upesi, nasi tunashukuru, lakini kesho tunawaita tena, na mwisho tunajikuta tumewapa hata namba ya siri ya fedha zetu. Si aibu kusema, "Mwanangu, simu ibaki mkononi mwangu. Wewe nielekeze." Andika hatua katika daftari, kisha rudia mbele yake bila kuelekezwa.

Nasi pia tujitazame. Binti akipika ugali ukawa na mabuja, je, tunamfundisha, au tunampokonya mwiko? Msichana wa kazi akikosea kufua, je, tunamwuliza alivyofanya, au tunamsukuma pembeni? Mume akimvalisha mtoto nguo kinyume, tunamcheka mpaka asijaribu tena, halafu tunalalamika kwamba hatusaidiwi. Mkono unaopokonya humwambia mwenzako kwamba hawezi, hata kama mdomo haujasema.

Ukihitaji fundi wa kompyuta, mtayarishie yale mambo manne kwenye karatasi kabla hajaja. Mtazame kama anauliza kwanza. Mwambie aiondoe draiva kwa watengenezaji wenyewe, si mahali popote panapoahidi kila kitu bure. Mwombe ukae wewe kwenye kiti. Naye akimaliza mlipe. Sisi binti wa kwaya tulimlipa sawa na tulivyomlipa yule fundi. Kwamba ni mtoto wa kanisa si sababu ya kula jasho lake bure.

Sisemi kwamba draiva imeirudishia kompyuta yetu ujana. Umri ni umri, na usharika umeanza kuweka akiba ya kununua nyingine. Hata Windows 10 nayo ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo wenye mashine za zamani tupange mapema. Lakini maneno ya kutafuta mtu kijana yalikwisha kimya kimya. Mwaka 2025 kompyuta ilipoharibika na mfumo wake kuwekwa upya, aliyerudisha printa ni Mama Katibu, na daftari lake pembeni. Siku moja nilimsikia akiongea kwa simu na karani wa usharika wa jirani aliyepatwa na shida kama ile. Nikatega sikio nijue atamwambia nini. Neno lake la kwanza lilikuwa swali: "Mwenzangu, hebu niambie kwanza, yenyewe inakuambia nini?"

Mungu atujalie hekima ya kuuliza kabla ya kusaidia, na uvumilivu wa kuikalia mikono yetu wakati wenzetu wanajifunza.