Kasri la Mawindo na Ndovu Mpweke

Tembea uone, walisema wahenga. Basi msomaji, ukibahatika kufika Turin, jiji la kaskazini mwa Italia lenye sifa ya magari na kandanda, tenga nusu siku uabiri basi hadi Stupinigi, yapata kilomita 10 kutoka katikati ya jiji.

Barabara imenyooka kama rula. Mwisho wake utaliona kasri, na juu kabisa ya kuba amesimama kulungu dume wa shaba. Huyo ni mfano tu. Kulungu wa awali, aliyefuliwa na Francesco Ladatte, amehifadhiwa ndani.

Usidhani mfalme alikuwa akiishi humu mwaka mzima. La, hasha! Mfalme Vittorio Amedeo II aliamuru jengo hili lianzwe mwaka 1729 ili apate pa kupumzikia akienda kuwinda. Msanifu wake, Filippo Juvarra, aliweka ukumbi mkubwa katikati, kisha akatoa mabawa manne mithili ya herufi X. Inua macho uone dari lilivyochorwa Diana, mungu wa uwindaji wa Warumi wa kale. Napoleon naye alilala hapa mwaka 1805. Mwaka 1997 UNESCO ililiorodhesha kasri hili, pamoja na mengine ya ukoo wa Savoy, kuwa turathi ya dunia.

Watoto wakichoshwa na vioo na vitanda vya kifalme, wasimulie kisa cha Fritz. Huyu alikuwa ndovu, zawadi ya Muhammad Ali, mtawala wa Misri, kwa Mfalme Carlo Felice mwaka 1827. Alifugwa hapa kwa miaka 25, mbali na ndovu wenziwe, akitazamwa na wakubwa. Hatimaye akageuka mkali, na mwaka 1852 akauawa. Ngozi yake ilijazwa na kuwekwa katika makumbusho jijini Turin.

Kisa hicho kitakufuata hadi nyumbani. Hapa Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na ndovu wa Amboseli hutembea na mama, dada na watoto wao. Hilo ni jambo ambalo mfalme, pamoja na utajiri wake wote, hakuweza kumpa Fritz.

Nawe mzazi wa Nairobi, kama wanao hawajaiona mbuga iliyo mlangoni pako tangu 1946, anzia hapo. Italia itangoja.