Akiba ya Mama Iliyobaki Melini

Kila msimu wa kaskazi, meli za watalii huja kufunga gati Kilindini, nyeupe na ndefu, madirisha yake yamepangana kama sega la nyuki. Nilifanya kazi bandarini hapo miaka 31, karani katika kampuni ya uwakala wa forodha, na kwa miaka hiyo yote meli kwangu ilikuwa ni makaratasi: hati ya shehena, ankara, risiti ya ushuru. Nilijisifu kwamba hakuna karatasi ya meli iwezayo kunipita bila ya kuisoma mpaka mstari wa mwisho. Mwaka 2024 karatasi moja ilinipita, na kwa sababu yake nikamdhulumu ndugu yangu. Nayaandika haya kwa idhini yake na idhini ya Mama, ili yeyote mwenye nia ya kuwasafirisha wazee wake asije akajikwaa pale nilipojikwaa mimi.

Tuko ndugu wanne. Mimi wa kwanza niko Mombasa. Anifuataye yuko Maskati. Dada yetu, ambaye ni mjane, yuko Malindi. Na kitindamimba wetu yuko Uingereza. Babu yetu mzaa mama alikuwa nahodha wa jahazi. Mama alilelewa kwa visa vya pepo na bandari, lakini yeye mwenyewe, mpaka kutimiza miaka 72, chombo kikubwa alichowahi kukipanda ni feri ya Likoni. Tukaafikiana tumfanyie safari ya baharini: siku saba kutoka Southampton hadi bandari za Norway, yeye na dada yetu katika chumba kimoja. Nauli tuliigawa kwa nne. Kitindamimba ndiye aliyezibeba shughuli zote: kuweka arubuni, kushughulikia viza ya Uingereza na ya Schengen, na kulipa salio la nauli kabla ya tarehe ya mwisho. Zaidi ya hayo aliitoa kadi yake ya benki iwe ndiyo dhamana ya hesabu ya chumba, kwani Mama hana kadi.

Hapa sharti nieleze jinsi mambo yanavyokwenda ndani ya meli hizo. Hakuna anayelipa kwa noti. Abiria hupewa kadi ndogo ambayo ndiyo ufunguo wa chumba na ndiyo mkoba wake. Kila anachonunua huandikwa katika hesabu ya chumba, na safari ikimalizika jumla hukatwa katika kadi ya benki iliyosajiliwa mwanzoni. Katika hesabu hiyo hiyo ndimo linamoingizwa salio la matumizi ya melini, yaani pesa ambazo kampuni, wakala au jamaa humwekea abiria ili azitumie humo chomboni: dukani, kwenye intaneti, kwenye mikahawa ya malipo ya ziada, au kwa matembezi ya nchi kavu.

Hesabu ya Mama iliingizwa fedha mara nne. Kampuni ilimpa dola 300 kuwa ni zawadi ya kukata tiketi mapema. Ndugu yetu wa Maskati alimnunulia zawadi ya dola 200. Kisha, siku ya nne ya safari, upepo uliizuia meli kuingia Olden, na kampuni ikarejesha ada na kodi za bandari hiyo, dola 22 kwa kila mmoja, jumla 44. Siku hiyo walikuwa wamekatiwa matembezi ya kwenda kuutazama mto wa barafu wa Briksdal; nayo yakavunjika, na dola 178 za matembezi zikarejeshwa kwenye hesabu. Jumla ikawa dola 722.

Mama hakuzigusa. Chakula cha kawaida kimo ndani ya nauli, samaki walikuwapo wa kutosha, na maji ya moto ya chai hayakuwa na bei. Alipobembelezwa aende akakandwe miguu iliyokuwa ikimuuma, alikataa. Dada alinunua intaneti ya dola 60 ili tuweze kusikia sauti zao, na baridi ilipozidi Mama akakubali, kwa shingo upande, kununua shali ya sufi ya dola 35. Basi. Usiku wa mwisho alinipigia simu akiwa na furaha ya mtoto wa sikukuu. “Mwanangu, kwenye televisheni ya chumbani naona zimebaki dola 627. Nimejinyima, nimezihifadhi. Nikifika nitamlipia mjukuu wangu karo ya chuo cha uuguzi.” Mjukuu huyo ni binti wa dada yetu, aliyekuwa amepata nafasi chuoni na hana baba wa kumlipia. Kwa bei ya dola ya siku zile, 627 zilikuwa zaidi ya shilingi 80,000.

Mama alirudi, pesa hazikurudi. Wiki ikapita. Nilipomuuliza kitindamimba alinijibu, “Kaka, bado hazijaingia kwenye kadi yangu. Na zikiingia zitakuwa 422.” Nikaona nimeyaelewa yote. Kadi ni yake, pesa zimepita mkononi mwake, na kati ya 627 na 422 pana dola 205 zisizo na maelezo. Nikamwandikia katika kundi la familia, mbele ya wake zetu na watoto wetu, kwamba Mama aliiona hesabu kwa macho yake na kwamba tarakimu hazisemi uongo. Hakunijibu. Siku ya tisa baada ya safari alituma dola zote 422 kwa Mama, na chini yake akaweka picha ya taarifa ya hesabu ya chumba, bila neno hata moja.

Niliisoma taarifa ile baada ya sala ya Isha, kwa miwani na kalamu, kama nilivyozoea kusoma ankara za bandarini. Na hapo nikaliona neno ambalo Mama hangeweza kulijua na mimi sikujishughulisha kuliuliza. Zile dola 300 za kampuni ziliandikwa kuwa ni salio lisilorejeshwa. Salio la namna hiyo ni kama chakula cha karamu: utakula ushibe, lakini hutafunga kwenye kitambaa ukaondoka nacho. Abiria akishuka meli, kilichobaki hufutwa. Salio linalorejeshwa ni jambo jingine. Hilo ni pesa ya mtu, na sehemu isiyotumika hurudi, kwa kawaida kwenye kadi iliyosajiliwa, na benki huenda ikachukua siku kadhaa kuionesha. Kampuni ile ilianza kukata matumizi kwenye lile lisilorejeshwa, kwa hiyo dola 95 za intaneti na shali zilitoka kwenye zile 300. Zikabaki 205, nazo zikafa usiku ule ule Mama alipokuwa akinihesabia akiba yake. Televisheni ilimwonesha jumla moja. Haikumwambia kwamba ndani yake mna pesa za aina mbili.

Niliendelea kusoma, na kila mstari ulinitia haya zaidi. Bakshishi za wahudumu, dola 16 kwa siku kwa kila abiria, kitindamimba alizilipa kabla ya safari kutoka mfukoni mwake, ili Mama asione makato yoyote yakamshtua. Kwa watu wawili na siku saba ni dola 224. Lau asingelifanya wema huo, bakshishi zingekatwa kwenye salio la kampuni, na pamoja na dola 95 za matumizi zingezimaliza zile 300 zote, hata senti moja isipotee. Kilichopotea kilipotea kwa sababu ya huruma yake. Kisha nikaiona ile 178 ya matembezi ya Olden. Aliyeilipa awali ni yeye, peke yake. Kwa haki, iliporejea ilikuwa mali yake, wala hakuna aliyekuwa na la kumuuliza. Zile 44 za bandari zilitoka katika nauli, kwa hiyo zilikuwa zetu sote wanne. Za Mama hasa zilikuwa 200 tu za kutoka Maskati. Mtu niliyemtuhumu kula dola 205 alikuwa ametoa dola 178 zake akamkabidhi mama yake, akanyamaza.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 katika Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni. Nimeisoma tangu chuoni. Lakini sisi ndugu wanne tulichanga pesa nyingi pasi na kuandika ni nani alilipa nini, kwa kuwa tuliona kuandikiana ni dalili ya kutoaminiana. Sasa naona kwamba kuandika kungemlinda zaidi yule aliyekuwa mwaminifu kuliko wote.

Tangu hapo nimewauliza watu waliosafiri, nimesoma masharti ya kampuni mbalimbali, na haya machache nayaweka mbele yako msomaji.

Kabla ya kukata tiketi, uliza kila salio utakaloahidiwa linarejeshwa au halirejeshwi, na upewe jibu kwa maandishi, kwani kampuni hazifanani. Hata zawadi iliyonunuliwa na jamaa hurejeshwa kwa baadhi yao na kwa wengine haireshwi. Lisilorejeshwa litumie kwanza kwa mambo ya lazima: bakshishi, intaneti, matembezi. Pale kampuni inapokupa uchague tunu moja kati ya kadhaa, usikimbilie ile iliyotajwa kuwa na thamani kubwa, kwani mara nyingi huwa ni vinywaji ambavyo sisi hatuvinywi. Chagua intaneti au bakshishi. Wapo abiria wanaoligeuza salio kuwa taslimu kwenye meza za kamari, na hilo halituhusu.

Ikiwa wewe ndiye unayeivunja safari, tarehe ndiyo hakimu. Salio la nauli kwa kawaida hudaiwa siku 75 hadi 90 kabla ya kuondoka. Baada ya hapo adhabu hupanda kadiri siku zinavyokaribia, hadi kufikia nauli nzima. Arubuni nayo huenda isirudi kabisa. Ada za bandari na matembezi yaliyolipiwa kwa kawaida hurudi, lakini salio la zawadi hutoweka pamoja na safari.

Ikiwa ni kampuni iliyovunja, una haki zaidi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2018 kuhusu safari za mafurushi inataka pesa zirudishwe ndani ya siku 14. Marekani, kanuni ya mwaka 2022 inampa haki ya kurejeshewa abiria ambaye safari yake imefutwa au kuanza kwake kumecheleweshwa kwa siku 3 au zaidi. Kumbuka ya mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozisimamisha meli: kampuni kadhaa kubwa ziliwapa watu hiari ya kurejeshewa walichokilipa au kupokea hati ya safari ya baadaye yenye thamani ya asilimia 125. Ile ya pili ilikuwa kubwa kwa tarakimu, lakini haikuweza kulipa kodi ya nyumba wala karo. Kurukwa kwa bandari moja, kama Olden yetu, si kuvunjwa kwa safari. Kwa masharti ya kawaida utapata ada za bandari na bei ya matembezi uliyoyanunua kwa meli, basi.

Asubuhi iliyofuata nilimpigia ndugu yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema moja tu, kwamba nimekosea na naomba anisamehe. Akasema, “Kaka, yamekwisha. Kilichoniuma si pesa. Ni kwamba hukunipigia kwanza.” Kwa kuwa nilimtuhumu hadharani, nilimwomba radhi hadharani, katika kundi lile lile, na watoto wangu wakasoma.

Karo ya binti wa Malindi tuliitimiza sote wanne, na safari hii tuliandika. Mama ilibidi aelezwe, naye alinisikiliza mpaka mwisho, shali yake mabegani ijapokuwa Mombasa haina baridi. “Kumbe ningekandwa miguu,” akasema, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikuweza kucheka siku ile. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwauliza ndugu zetu kabla ya kuwahukumu, na awape wazazi wetu safari njema na miguu isiyouma.