Kwa wakili nako bei huulizwa

Ukienda sokoni utabishana na mama mboga hadi apunguze shilingi kumi. Lakini ukifika mbele ya meza ya wakili, mdomo hufungika. Unatia sahihi karatasi ambayo hukuisoma, unasema asante, unaondoka.

Hivyo ndivyo alivyofanya shangazi yangu anayeishi Bondeni, hapa Nakuru. Mwaka wa 2016 aligongwa na matatu akavunjika mguu. Jirani akampeleka kwa wakili aliyempa maneno matamu: "Mama, usitoe hata ndururu. Tukishinda tutagawana nusu kwa nusu." Kwa mtu aliyekuwa akitembea kwa magongo na hana akiba, hiyo ilikuwa habari njema.

Kesi ilikwisha mwaka wa 2019. Kampuni ya bima ikalipa kupitia kwa wakili, naye shangazi akapewa shilingi 300,000. Nilipomwuliza jumla ilikuwa ngapi, alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu, nitamwulizaje mtu aliyesoma?"

Nikaanza kuuliza mimi. Jambo la kwanza nililojifunza ni kwamba mapatano ya kumlipa wakili endapo tu kesi itashinda hayatambuliwi na Sheria ya Mawakili ya Kenya, kifungu cha 46. Ada ina vipimo vyake katika Amri ya Malipo ya Mawakili, iliyorekebishwa mwaka wa 2014. Ukinunua ploti, ada hufuata thamani ya ploti hiyo. Ukiwa na kesi ya madai, hufuata kiasi kinachodaiwa na kazi iliyofanywa. Vipimo hivyo ndivyo kima cha chini. Wakili anayejinadi kwa bei ya chini zaidi anavunja sheria. Mnaweza pia kukubaliana ada kwa maandishi. Pesa za kuandikisha kesi kortini na za ripoti ya daktari huhesabiwa kando.

La pili, aliyeshindwa kesi kwa kawaida huamriwa kulipa gharama za mshindi. Pesa hizo ni zako, za kukupunguzia mzigo wa wakili. Ada unayodaiwa wewe huwa ni ile ya gharama hizo ikiongezwa nusu yake.

Tulimwandikia wakili tukitaka hesabu. Ilipokuja, tuliona bima ilikuwa imelipa fidia ya 600,000 na gharama za kesi 90,000. Ada halali ilikuwa 135,000, na matumizi mengine 35,000. Shangazi alistahili 520,000. Baada ya kuvutana miezi miwili, alirudishiwa 220,000 zilizobaki. Siku hiyo alilia. Miaka mitatu hiyo mjukuu wake alikuwa akifukuzwa shule kwa sababu ya karo, naye alikuwa ameridhika na nusu.

Sisemi mawakili ni wezi. Bila wakili yule, shangazi asingepata hata senti, na kazi ya mtu hulipwa. Ninachosema ni kwamba aliyesoma si mtu wa kuogopwa.

Kwa hivyo, msomaji, siku utakapohitaji wakili, uliza kabla ya kutia sahihi: ada ni ngapi, inahesabiwaje, ni nini kitakuwa kando? Yaandikwe, nawe ubaki na nakala. Dai risiti kila unapolipa. Mkikosana, mwombe bili iliyotiwa sahihi; hawezi kukushtaki kwa ada hiyo kabla ya mwezi mmoja kupita tangu akupe. Ukiona imezidi, naibu msajili wa mahakama ana uwezo wa kuipima na kuipunguza. Wakili akikalia pesa zako, ipo Tume ya Malalamishi dhidi ya Mawakili, chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Shangazi sasa huuliza kila kitu. Juzi alimtaka fundi wa mabati amwandikie bei kwenye karatasi, na atie sahihi.