Turbo nzee na makuta ya nyumba

Ndugu wasikilizaji wa Kolwezi, na nyinyi mnaotusoma mkiwa mbali na mitaa mliyohamishwa, leo siongei juu ya bei ya shaba wala kobalti. Naongea juu ya motokari.

Tunajua namna mambo yanavyokwenda hapa Lualaba. Mgodi unapanuka, familia zinaandikwa, zinalipwa, zinaondoka. Kasulo waliona hivyo mwaka 2017, na mitaa mingine imefuata. Baba wa familia akishika makuta, anajiuliza: nyumba imekwenda, nitapata nini cha kuleta chakula kila siku? Wengi wanajibu: motokari. Wazo hilo si baya. Lakini kuna motokari inayolisha familia, na kuna motokari ambayo familia ndiyo inailisha.

Yaya wangu ni mmoja wa waliolipwa. Alinunua kiwanja upande mwingine wa mji, akajenga vyumba viwili, akabaki na dola 4,500. Zote akanunua nazo Subaru Impreza yenye turbo, ya mwaka 2003. Simlaumu. Sisi wote tulikua tukisikia sifa za Subaru hizo. Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally ya Kenya na Impreza, na hadi leo kijana akisikia moteri ile ikinguruma anageuza kichwa.

Lakini motokari ya yaya haikutoka kwenye mashindano. Ilitumika Japani miaka mingi, ikapanda meli hadi Dar es Salaam, ikavuka Zambia, ikaingia Kasumbalesa. Ilipofika Kolwezi ilikuwa imekwisha kuchoka, ila rangi yake ilikuwa bado inang'aa.

Mimi ndimi ninayetunza daftari la matumizi yake, juu ya kazi ya redio imenizoesha kuandika tarehe na hesabu. Haya ndiyo yaliyomo kwa mwaka wa kwanza, bila esansi. Mafuta ya moteri na filtre, mara nne: dola 180. Turbo nyingine iliyokwisha kutumika, kutoka Lubumbashi, pamoja na kazi ya fundi: 410. Mkanda wa moteri, roleti zake na pompi ya maji: 190. Radiatere: 110. Ambreyaji: 260. Amortisere na vipande vya chini: 150. Jumla ni dola 1,300, zaidi ya robo ya bei aliyonunulia. Na kwa wiki 11 motokari ilikaa garajini ikingoja piesi, bila kuleta hata franka moja.

Kwa nini turbo inakula hivi? Fundi wetu alinieleza vizuri. Turbo ni kama feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi wa moteri unazungusha feni moja, na ile ya pili inasukuma hewa nyingi ndani ya moteri ili ipate nguvu. Mhimili huo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, tena karibu na moto mkali. Kinachoulinda ni utando mwembamba wa mafuta ya moteri. Mafuta yakipungua, yakichafuka au yakichelewa kufika, turbo inakufa. Baadhi ya moteri za Subaru zina kichujio kidogo sana ndani ya boliti ya bomba linalopeleka mafuta kwenye turbo. Kikiziba, turbo inakauka, na dereva anakuja kujua anapoona moshi wa buluu nyuma.

Ongeza sasa hali ya Kolwezi. Tuko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na turbo inafanya kazi zaidi. Kiangazi kikifika, vumbi la barabara za migodi linajaza filtre ya hewa haraka kuliko vile kitabu cha motokari kinavyosema. Filtre ya bei ya chini ikipasuka, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye feni na kwenye pistoni.

Mkanda wa moteri nao ni hatari. Kwa Subaru hizi unabadilishwa kila kilometa 100,000 hivi. Motokari ikifika hapa, nani anajua kama kompteri yake inasema kweli? Mkanda ukikatika, pistoni zinagonga valvu na moteri inaharibika. Ndiyo sababu fundi hakukubali kungoja, na dola zile 190 sizihesabu kuwa za bure.

Kuna pia hatari isiyoandikwa kwenye daftari. Volani iko kulia, na sisi tunaendesha kulia. Kwenye barabara ya kwenda Likasi, ukiwa nyuma ya lori la madini, huoni kinachokuja mpaka motokari imetoka nusu nzima. Turbo inakushawishi upite. Yaya anasafirisha watu wanaoenda Lubumbashi, na mke wake halali mpaka apige simu.

Mulamu huyo ndiye aliyesema neno ambalo sijalisahau. Ile siku ya turbo, tulipohesabu dola 410 mezani na minerval ya watoto wawili ilikuwa haijalipwa, alisema: "Nyumba yetu ilikuwa inavuja, lakini haikutuomba makuta haya kwa siku moja." Yaya hakumjibu. Baadaye aliniambia hawezi kuiuza, kwani mtu amemtolea dola 2,600 tu, na motokari hiyo ndiyo kitu cha mwisho kilichobaki cha nyumba ya zamani. Mpaka leo wanaongea juu ya jambo hilo, na mimi sina haki ya kuwaamulia.

Ila kwa nyinyi ambao makuta bado yako mkononi, nawaambia hivi. Kama ni kazi ya taksi, tafuteni motokari isiyo na turbo, ya aina ambayo piesi zake zinauzwa hapa hapa Kolwezi. Nendeni na fundi wenu, si wa muuzaji. Moteri iwashwe ikiwa baridi. Moshi wa buluu maana yake inachoma mafuta ya moteri. Moshi mweupe mzito usioisha, na maji ya radiatere yanapungua, maana yake maji yanaingia ndani ya moteri. Moshi mweusi ni esansi inayopotea. Na msinunue kwa makuta yote: wekeni robo pembeni kwa matengenezo.

Aliye na turbo tayari, abadilishe mafuta kila kilometa 5,000 au kabla, aangalie kijiti cha mafuta kila asubuhi, na akifika safarini aache moteri izunguke polepole dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Hiyo dakika hailipiwi.