Mlango wa Mwajuma

Nilisoma Vuta n'kuvute ya Shafi Adam Shafi nikiwa kidato cha tano, kwa ajili ya mtihani. Dhamira zake ningeweza kuzitaja hata usingizini: ukombozi, mapenzi, nafasi ya mwanamke. Denge nilimjua kwa siasa zake, Yasmini kwa uzuri na mashaka yake. Mwajuma nilimpa mstari mmoja tu kwenye daftari: rafiki wa mhusika mkuu. Ilipita miaka 20 na ushei ndipo nikatambua kuwa nilimdhulumu.

Yasmini ni binti wa Kihindi katika Unguja ya wakoloni, aliyeozwa mume wa umri wa kumzaa. Anapomkimbia, watu wake wa damu wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, Mwafrika wa Ng'ambo, mwanamke asiye na cha kugawa ila chumba chake. Na jina hilo la Ng'ambo si la bure. Mkono wa bahari uliutenga mtaa huo na Mji Mkongwe, walikokaa wakubwa na wenye mali. Maji yale yalishafukiwa zamani, pakawa barabara. Jina halikufukiwa.

Sisi wa pwani tunapenda kujisifu kwa mchanganyiko wetu, na ushahidi hatukosi: biriani, sambusa, taarabu, milango ya nakshi. Nami nilijisifu hivyo hivyo. Lakini sahani ya biriani hupita juu ya ua miaka na miaka, na watoto wa nyumba mbili wasiruhusiwe kuoana. Shafi hakutuuliza tunakula nini. Alituuliza ni nani aliye tayari kutiwa midomoni na mtaa mzima kwa ajili ya mtu asiye wake, na akaliweka jibu mikononi mwa yule mwenye kidogo kuliko wote. Hapo ndipo riwaya hii inaponiuma.

Abdulrazak Gurnah naye amelishika jambo hili kwa upande wake wa giza. Katika riwaya yake ya mwaka 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameifasiri kwa jina la Peponi, kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri anayemwita ami, kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Neno la undugu limefunika utumwa. Tangu niisome, nikisikia watu wakiitana ndugu na jirani, hutaka kwanza kujua nani kati yao anaosha vyombo.

Nyumbani kwetu Tanga tuliitana hivyo pia. Dada yangu, mtoto wa mama mdogo, alipompenda fundi seremala wa kutoka bara, wa dini nyingine, wazee walisema hawana chuki na mtu, ila huyo si wa kwetu. Fundi huyo ndiye aliyetengeneza kitanda alicholalia bibi yetu mpaka siku ya mwisho. Dada alitoka na begi moja. Akapokewa na mama mmoja muuza vitumbua, nyumba ya nne kutoka kwetu, akakaa naye miezi minane. Sisi tukaacha kununua vitumbua pale. Mimi nilikuwa mkubwa wa kutosha kusema neno. Sikusema.

Mwaka jana nilimwekea mama filamu ya Amil Shivji iliyotokana na Vuta n'kuvute, ile iliyoonyeshwa Toronto mwaka 2021. Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar, ndiye Mwajuma. Nilidhani mama atavutiwa na nguo, na Kiswahili cha Unguja, na mitaa anayoijua. Kwa kitambo alivutiwa kweli, akawa ananionyesha kwa kidole. Yasmini alipoingia chumbani kwa Mwajuma, mama akanyamaza. Alijifunga kanga upya, akaangalia sakafu.

"Yule mama wa vitumbua," akauliza, "bado yupo?"

Nikamwambia alifariki, yapata mwaka wa tatu sasa.

"Nani alikwenda kumzika?"

"Dada alikwenda. Na mumewe. Yeye ndiye aliyetengeneza jeneza la kumbebea."

Mama akaniomba nizime kidogo, akatafuta miwani yake, kisha simu.