Pumziko la Kibuye

Ushuhuda wangu hauhusu uponyaji wa ugonjwa wenye jina, wala mlango uliofunguka ghafla. Unahusu usingizi, samaki wa kukaanga na kukaa na wenzangu kando ya ziwa, na jinsi Mungu alivyovitumia vitu hivyo kunirudishia moyo uliokuwa umekufa ganzi.

Mimi ni muuguzi, mwenyeji wa Kigoma. Kwetu kuvuka Ziwa Tanganyika si habari ngeni. Tuna ndugu Uvira, Baraka na Kalemie, na Kiswahili chao tunakielewa. Mwaka 2018 kanisa letu lilituma kikundi cha wainjilisti, wauguzi na walimu wa Shule ya Jumapili kwenda bonde la Ruzizi, Kivu ya Kusini, nchini Kongo. Tulianzia Uvira, tukapanda na barabara ya bondeni kupitia Sange na Luvungi hadi Kamanyola. Kiangazi chote kikatuishia huko.

Asubuhi tulifundisha habari za maji safi na vyoo, maana kipindupindu ni mgeni asiyeaga katika eneo la Uvira. Jioni kulikuwa na mkutano wa Injili, na Ijumaa mkesha. Lakini kazi iliyonielemea ilikuwa ya mchana, ya kukaa chini ya mwembe na kuwasikiliza akina mama. Bonde lile limepitiwa na vikundi vya wenye silaha kwa miaka mingi, na wanawake ndio waliolipa. Baadhi yao walikuwa wameshatibiwa Panzi, hospitali iliyoanzishwa mjini Bukavu mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji ambaye naye anahubiri. Wengine walikuwa hawajamweleza mtu yeyote. Waliniambia mimi, kwa sauti ya chini, huku wakichambua maharage ili mikono ipate la kufanya.

Mwanzoni nililia nao. Baadaye machozi yakakauka. Mama ananieleza alivyompoteza mwanawe, nami nawaza kama taa imechajiwa kwa ajili ya mkutano wa jioni. Usiku sikupata usingizi hadi majogoo. Biblia niliisoma kwa sababu zamu ya neno ilikuwa yangu. Nilimwona pia mwinjilisti wetu kijana, mtu wa vicheko tangu Kigoma, akimfokea mwenzake kwa sababu ya chumvi. Hakuna aliyemuuliza ana nini, kwa kuwa sote tulikuwa vilevile.

Aliyetamka jambo hilo ni mama aliyetupokea Luvungi. Alinitazama usiku mmoja nikijifunga kitenge kwenda mkeshani, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Mama, weye pia uko mutu. Lala kwanza." Nilimshukuru, nikaenda mkeshani.

Sasa niseme kuhusu fedha, kwa sababu ndiko ubishi ulikoanzia. Kabla hatujaondoka Kigoma, mchungaji wetu alikuwa ameweka kwenye bajeti fungu la mapumziko: tukimaliza, tusirudi moja kwa moja, bali tupitie Rwanda na kukaa siku kadhaa kando ya Ziwa Kivu. Mzee mmoja wa kanisa alipinga waziwazi. Alisema ile ni sadaka ya wajane, na kwamba bati la kanisa la mtaani lina thamani kuliko watu wazima kuogelea. Simlaumu. Anayeijua noti ya mwisho ya mama muuza dagaa, inayofungwa kwenye pindo la khanga na kutolewa Jumapili, ataielewa hofu yake. Mama Mchungaji ndiye aliyemjibu, kwa heshima: "Mzee, mashine ya kusaga tunaizima ipoe kila siku. Hawa watoto wetu tumewapangia kuzimwa lini?" Umoja wa wanawake ukasema utachangia. Fungu likabaki.

Kazi ilipokwisha tulipitia Bukavu, tukavuka mto Ruzizi kuingia Rwanda, tukashika barabara ya lami inayokatiza Nyamasheke, chai upande huu na maji upande ule. Karongi, ambako wengi bado wanakuita Kibuye, tulifikia Bethanie, nyumba ya wageni ya Kanisa la Presbiteri iliyo ukingoni mwa ziwa. Mchungaji akatukusanya na kutupa amri ambayo hatukuitarajia: hakuna zamu, hakuna ripoti, hakuna kuhubiri. Ibada ya asubuhi ingekuwa fupi, na asiyeamka asiamshwe.

Nililala. Nililala mpaka nikaona aibu, kisha aibu yenyewe ikalala. Kivu iko juu, takriban mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku inakufunika vizuri baada ya joto la bondeni. Nilipoamka, habari za Eliya zikanijia kwa namna mpya. Alipochoka hata akaomba kufa, malaika hakumkemea wala hakumpa mahubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Safari ndefu ya kwenda Horebu ilikuja baada ya hapo. Nimeisikia habari hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuona kwamba Mungu alianza na tumbo na usingizi.

Sisi watu wa Kigoma tumelelewa kuogopa mamba. Kivu haina mamba wala kiboko, kwa hiyo tuliingia majini jioni bila kuangalia nyuma, vijana wakipiga mbizi, akina mama tukijimwagia maji na khanga zetu mwilini. Giza lilipokaribia, wavuvi waliingia kazini na mitumbwi iliyofungwa mitatumitatu, miti mirefu imechomoza mbele na nyuma, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Asubuhi walileta sambaza. Hawa ni samaki wadogo waliotolewa Tanganyika na kupandikizwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na ulimi wangu uliwatambua kabla sijaelezwa: dagaa wa nyumbani.

Ni juu ya sahani ya sambaza nilipofunguka. Mwinjilisti wetu kijana alitaja mtoto wa Sange aliyekuwa akibeba viatu vya kila mgeni na kuvipanga mlangoni kwa ukubwa. Tukacheka. Mwalimu mmoja akasema, "Na mama yake je?" Hakuhitaji kueleza, sote tulimjua mama yake na yaliyompata. Kicheko kikageuka, nikalia mbele ya wahudumu wa mezani, na wenzangu wakalia nami. Hakuna aliyeninyamazisha.

Hapo nikaelewa kwa nini mchungaji alitaka tupumzike pamoja, mbali na kwetu, kabla ya kutawanyika. Ningerudi nyumbani moja kwa moja, watu wangeniuliza wangapi wameokoka. Mume wangu angenisikiliza kwa upendo, lakini ningelazimika kuanzia mbali, kueleza bonde, barabara na majina, na katikati ningekata tamaa. Wale niliokuwa nao walimalizia sentensi zangu.

Jumapili tulisali kanisa la Mtakatifu Yohane, Kibuye, lililo juu ya kilima. Mwaka 1994 maelfu ya Watutsi waliokimbilia humo waliuawa, na kumbukumbu yao iko hapohapo, mbele ya kanisa. Watu wanaendelea kuimba ndani yake. Nilisimama pale nikaweza kuomba kwa ajili ya wafu wa mahali hapo na kwa ajili ya mama zangu wa Luvungi, mmoja mmoja, kwa majina. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiwaombea kwa jumla tu.

Nimewasikia watumishi wakisema watapumzika mbinguni. Naheshimu bidii yao, lakini siikubali hoja hiyo. Injili ya Marko inasema mitume waliporudi kutoka walikotumwa hawakuwa na nafasi hata ya kula, na Bwana mwenyewe akawataka waende faragha wapumzike. Katika juma lake la mwisho, Yerusalemu ikiwa imejaa watu wa kuhudumiwa, jioni alitoka mjini akaenda kulala Bethania kwa rafiki zake. Kama yeye alitoka, mimi ni nani nibaki?

Tulirudi kupitia Kigali na Rusumo. Nyumbani nilitoa taarifa ya kazi, kisha nikaomba dakika za ushuhuda huu, na yule mzee akiwa ameketi mbele. Aliniuliza swali moja tu, kama nitarudi Kongo. Nikamwambia ndiyo, na nikarudi.

Tangu hapo nimepewa jukumu la afya ya kila kikundi tunachotuma. Kila wiki nampigia kiongozi wao simu, na kabla ya kuuliza habari za mikutano nauliza nani halali, nani hali, nani ameacha kucheka. Fungu la mapumziko halipigiwi kura tena. Linaandikwa pamoja na nauli na dawa, na akina mama wauza dagaa ndio wanaolichangia kwa wingi.